Somo: Kuchangia programu huria ukiwa na bando dogo

Sisi watengenezaji wa tovuti tulioko Mwanza tunaishi kwa programu huria: WordPress, Leaflet ya kuonyesha ramani, Firefox, na Git ya kutunza historia ya msimbo, zote ni kazi za watu waliokubali msimbo wao usomwe, unakiliwe na urekebishwe na yeyote. Hata hivyo wengi wetu tumebaki upande wa kupokea, na sababu inayotajwa kwanza ni bei ya bando na umeme unaokatika. Kwa maoni yangu hali hiyohiyo ndiyo inayotupa la kuchangia, kwa kuwa mtandao wa kusuasua hufichua hitilafu ambazo mtu mwenye intaneti ya kasi hazioni kamwe.

Hatua ya 1: Chagua mradi unaoutumia tayari

Umaarufu wa mradi usikuvute. Soma leseni yake na faili la CONTRIBUTING lenye maelekezo kwa wachangiaji, kisha tazama ni lini mara ya mwisho kazi ya mtu wa nje ilikubaliwa. Mradi ambao maombi ya wachangiaji wake yamelala mwaka mzima bila kujibiwa utakuvunja moyo bure.

Hatua ya 2: Pakua kilicho cha lazima

Tengeneza nakala ya mradi katika akaunti yako ya GitHub, tovuti ya kuhifadhia miradi ya Git, kwa kitufe cha Fork, kisha ilete kwenye kompyuta kwa amri hii:

git clone --depth 1 anwani-ya-nakala-yako

Kipande cha --depth 1 huleta hali ya sasa ya mradi bila historia yake yote. Kwa mradi wa miaka mingi tofauti ni kubwa, tena git clone ikikatika katikati haiendelei ilipoishia. Huanza upya, na bando lililokwisha kuliwa halirudi. Ukihitaji historia baadaye, git fetch --unshallow italeta iliyobaki. Kama mradi unatumia npm, chombo cha kusakinisha vifurushi vya JavaScript, ongeza --prefer-offline unaposakinisha vifurushi, ili vile vilivyokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta yako visipakuliwe tena.

Hatua ya 3: Itafute hitilafu kwa macho ya mteja

Chukulia kwamba unamtengenezea tovuti mfanyabiashara wa samaki wa Mwaloni, Kirumba, na ukurasa wake una picha 30 za sangara, sato na dagaa zinazoonyeshwa kwa programu huria ya matunzio ya picha. Ufungue kwa Firefox, bonyeza F12, ingia kichupo cha Network, weka alama kwenye Disable Cache, kisha kwenye orodha iliyoandikwa No Throttling chagua Regular 3G. Pakia ukurasa upya na usiguse kitu. Kila mstari unaotokea ni faili moja, na mchirizi wa rangi ulio kulia unaonyesha lilianza kuombwa lini na likamaliza lini. Ukiona picha zote 30 zinaombwa kwa pamoja, ilhali kioo cha simu kinaonyesha mbili tu, umeipata hitilafu yenyewe: picha za chini kabisa zinagombania njia na zile ambazo mteja anazisubiri.

Dawa yake mara nyingi ni sifa moja ya HTML, loading="lazy", inayokiambia kivinjari kisubiri hadi picha ikaribie kuonekana. Usiiweke kwenye picha ya juu kabisa, kwa sababu utaichelewesha ile inayotakiwa mapema. Andika kiasi cha data na muda, kabla na baada ya marekebisho. Mwenye mradi atashawishika na tarakimu hizo kuliko malalamiko kwamba ukurasa ni mzito.

Hatua ya 4: Fanya kazi kwenye tawi lako (mkondo wa pembeni wa mabadiliko)

git switch -c picha-zisubiri

Linus Torvalds aliandika Git mwaka 2005 kwa ajili ya waundaji wa Linux, watu waliotawanyika duniani kote, ndiyo maana kila nakala inajitosheleza. Unaweza kufungua tawi, kurekebisha na kurekodi mabadiliko kwa git commit hata ukiwa ndani ya kivuko cha kwenda Ukerewe bila mtandao wowote. Intaneti utaihitaji wakati wa git push, yaani kupeleka mabadiliko hayo GitHub.

Hatua ya 5: Tuma ombi la kuunganisha

Hili ndilo huitwa pull request: unamwomba mwenye mradi apokee kazi yako. Eleza tatizo, namna ya kulirudia, tarakimu zako na ulichobadilisha. Kiingereza chepesi kinatosha. Ombi moja libebe hitilafu moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nyegezi: Shikamoo mwalimu. Mimi sina kompyuta, natumia simu tu. Je, nina nafasi?

Jibu: Marahaba. Unayo. GitHub ina kihariri ndani ya kivinjari, na ukihariri faili la mradi usio wako inakutengenezea nakala yenyewe. Anza na nyaraka za MDN, mwongozo wa teknolojia za tovuti, ambazo zimo GitHub tangu mwaka 2020. Chini ya ukurasa kuna kiungo cha kukufikisha kwenye faili lake. Rekebisha mfano usiofanya kazi au maelezo yaliyopitwa na wakati. Kubadilisha koma ili tu jina lako lionekane huwachosha wasimamizi, ambao wengi wanajitolea.

Mwanachama, Nansio: Nakala isiyo na historia inakubali kutuma kazi, au ni ya kusoma tu?

Jibu: Inakubali, ndugu yangu, tangu Git 1.9 ya mwaka 2014.

Mwanachama, Igoma: Mwalimu, nilibadilisha mistari miwili, lakini ombi langu linaonyesha mamia ya mistari na msimamizi amelikataa.

Jibu: Pole. Bila shaka kihariri chako kilipanga upya faili zima ulipohifadhi, au kilibadilisha alama za mwisho wa mstari kutoka za Linux kwenda za Windows. Endesha git diff -w main (badala ya main weka jina la tawi kuu la mradi), ambayo hulinganisha kazi yako na tawi hilo na kupuuza tofauti za nafasi. Ikibakiza mistari yako miwili, chanzo ni hicho. Zima upangaji wa kujiendesha kwa mradi huo, angalia kama una faili la .editorconfig, linaloeleza mpangilio wa msimbo, na ulifuate, kisha rudisha faili lilivyokuwa na uandike upya mistari miwili tu. Kabla ya kurekodi, git diff --stat itakuonyesha idadi ya mistari iliyoguswa katika kila faili. Kama ombi halijafungwa, tuma kwenye tawi lilelile nalo litajisasisha, pasipo haja ya kufungua jingine.