Ukienda kuona Lascaux, lile pango la michoro ya kale kule Ufaransa, fanya hivi
Kwanza ujue pango lenyewe huingii, lilifungwa 1963 maana pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu michoro, unachoona ni nakala, Lascaux IV, ipo Montignac na ilifunguliwa 2016. Usisononeke, nakala yenyewe ni moto wa kuotea mbali. Tiketi kata mapema mtandaoni, haswa kama unaenda Julai au Agosti, na uangalie saa ya mwongozaji anayeongea lugha unayoielewa. Beba sweta hata kama nje jua linachoma, ndani ni digrii 13 hivi.

Ukifika Ukumbi wa Mafahali inua kichwa, kuna fahali wa mita 5 hivi, halafu kagua vile uvimbe wa jiwe umetumika kutengeneza mwili wa mnyama, hapo ndo utaona hawa watu wa miaka kama 17,000 iliyopita walikuwa mafundi kwelikweli. Nyekundu na njano ni udongo tu, nyeusi ni madini ya manganizi.

Ukitoka usiwahi basi, pitia ukumbi wa Atelier, vipande vya michoro vimening'inizwa unavisogelea taratibu bila kundi kukuharakisha, mi naona hapo ndo pa kukaa sana.