Kupiga drams za jazz huku una kazi ya kuamkia asubuhi

Niseme mapema, kama unapiga drams na roho yako iko kwenye jazz, usikimbilie kuacha kazi. Shoo za jazz Dar sio nyingi, mara nyingi ni usiku mmoja hotelini au kwenye baa, mko watatu au wanne, na hela ikigawanywa unabaki na ya nauli na msosi. Ukitegemea hiyo ikulipie kodi ya nyumba utaanza kukubali kila kinachokuja, harusi, sendofu, bendi za kopi, mpaka muziki wenyewe ulioupenda unakuwa huupigi kabisa. Mshahara ndo unakupa ubavu wa kukataa.

Na sio jambo geni hili. Charlie Watts, kabla hajawa mpiga drams wa Rolling Stones, bendi ya rock ya Uingereza, mwaka 1963, alikuwa mchoraji kwenye kampuni ya matangazo London, jioni anapiga drams. Watu wanamjua kwa rock lakini yule mzee alikuwa mtu wa jazz mpaka mwisho. Milford Graves wa New York alifundisha chuo cha Bennington kuanzia 1973 mpaka 2012, miaka yote hiyo ana ajira na bado ni mmoja wa wapiga drams walioibadilisha jazz. Hapa kwetu ndo usiseme, bendi ya NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz ya polisi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo pale Ubungo. Wao walipiga dansi, sio swing (mdundo wa kubembea wa jazz ya Marekani), ila mwanamuziki kuwa na mwajiri lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Sasa tuje kwenye mazoezi maana hapa ndo wengi wanakwama. Ukirudi kazini umechoka, huna masaa manne ya kukaa kwenye drams, na kama umepanga chumba basi hata hayo masaa ungekuwa nayo majirani wasingekuruhusu. Kwa hiyo fanya nusu saa asubuhi kabla hujatoka, kila siku ya kazi, na ifanye kwa vitu viwili tu.

Cha kwanza ni mkono wa raidi. Kwenye jazz muda haukai kwenye kiki, ile ngoma kubwa ya mguuni, kama kwenye rumba au bongofleva, unakaa kwenye lile toazi kubwa la mkono wa kulia: ting, ting-ka, ting, ting-ka. Inaonekana rahisi na ndo ngumu kuliko zote. Chukua pedi ya mpira, washa metronomu kwenye simu, ile app inayogonga mapigo, uiweke 60 kwa dakika, alafu ule mlio uuhesabu kuwa ni pigo la mbili na la nne, usiuhesabu kama moja na tatu. Hapo mwendo wako halisi ni 120. Mguu wa kushoto, ule wa haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali), ukanyage pamoja na mlio. Siku za mwanzo utapotea sana, utajikuta umegeuka uko kwenye moja na tatu bila kujua, simama, sikiliza kwanza, imba ting, ting-ka mdomoni ndo uanze tena. Usiongeze spidi mpaka nusu saa nzima ipite hujageuka. Kiki nayo kwenye swing wengi wanaipiga kwa nguvu mno, inatakiwa iguswe tu, mapigo manne laini ambayo mpiga besi anayahisi kuliko kuyasikia.

Cha pili ni brashi, zile fimbo zenye nyuzi za waya nchani, na hizi kwa mtu wa nyumba ya kupanga ni zawadi maana hazina kelele. Huhitaji hata snea, ile ngoma ndogo inayokaa mbele yako. Watts mwenyewe alianza kwa kung'oa shingo ya banjo, lile duara lililobaki akalipiga kwa brashi akimfuatisha Chico Hamilton, mpiga drams wa jazz wa Marekani. We chukua boksi la karatasi ngumu, lililo na uso wa kukwaruza kidogo, liweke mapajani. Mkono wa kushoto unazungusha brashi bila kuinua, kama unafuta meza, duara moja kwa mapigo mawili, na mkono wa kulia unagonga ule ule ting, ting-ka juu yake. Sikiliza ule mvumo wa mkono wa kushoto, ukikatika katikati ujue unabana kiganja, legeza. Mtu akikuita upige taratibu kwenye hoteli watu wakiwa wanakula, brashi ndo zitafanya uitwe tena.

Kuhusu nyimbo, hapo tumia foleni za barabarani. Nyimbo nyingi za jazz zimejengwa kwenye baa 32 (baa moja ni fungu la mapigo manne), nane nane mara nne, ya tatu ndo inabadilika, au ni bluzi ya baa 12. Vaa spika za masikioni kwenye daladala na uimbe melodi kimoyomoyo hata wakati saksafoni inapiga solo, ukiweza kubaki nayo mpaka solo iishe hutapotea hata siku mkianza kupokezana solo baa nne nne. Mazoezi ya bendi yakiwekwa saa nane mchana siku ya kazi, sema wazi huwezi, omba warekodi wakutumie. Usidanganye bosi unaumwa. Soma mkataba wako kama unaruhusu kazi nyingine, na umwambie mapema kuwa unapiga muziki, maana video zitamfikia tu.

Vifaa, usihangaike na seti nzima. Beba toazi lako la raidi, snea na pedali ya kiki, mengine tumia ya pale ukumbini. Hivyo vinaenea kwenye bajaji.

Tafuta pia mpiga drams mwenzako mmoja unayemwamini, mnayeshikana zamu. Siku ofisi ikikutuma mkoani yeye anakaa kwenye kiti na hela yote ya usiku huo ni yake, usimkate hata mia. Na yeye akibanwa unamshika. Kiongozi wa bendi anavumilia mtu mwenye kazi, asichovumilia ni jukwaa bila drams.

Shoo za Jumapili usiku mi naona uziache kama Jumatatu unaingia saa mbili asubuhi. Ijumaa na Jumamosi zinatosha, na Ijumaa ukitoka kazini lala hata saa moja kabla hujaenda.

La mwisho masikio, na hili naomba ulichukulie kwa uzito maana kazi zote mbili zinayahitaji. Kwa vigezo vya NIOSH, taasisi ya usalama na afya kazini ya Marekani, sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, ukifika desibeli 100 una dakika 15 tu. Drams zikipigwa kwa nguvu kwenye chumba kidogo zinapita hapo bila shida. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza sauti bila kuifanya iwe kama uko ndani ya maji, vivae hata kwenye mazoezi, na ukiamka masikio yanalia ziiii siku hiyo usiguse stiki, fanya brashi kwenye boksi.