Jinsi ya kukata jani la mpunga na kuona seli zake kwa hadubini ya shule

Wadau wa Mwanza mnaosoma bios (baiolojia) au mnaofundisha, na hata wewe mkulima wa Magu, Kwimba au Misungwi unayetaka tu kujua jani la mpunga linafanya nini muda wote linapigwa jua kwenye majaruba, hii kitu unaweza kuiona kwa macho yako. Vifaa ni wembe mpya, karoti, kisosi cha maji, bomba la sindano lisilo na sindano, slaidi (kile kioo cha kuwekea kipande) na kava slipu (kioo chembamba cha kufunikia), alafu hadubini yoyote yenye lensi ya 40. Nimechagua mpunga makusudi, kwasababu picha ya jani iliyopo kwenye vitabu vingi vya shule ni ya jani pana kama la maharage, ile yenye seli ndefu zimejipanga wima juu na zingine zimeachiana chini, sasa mpunga hauko ivo kabisa na wengi wanamaliza shule wanakula wali kila wiki bila kulijua jani lake.

Jani lichume asubuhi. Chagua la juu lililofunguka lote, kata na kipande cha shina, liingize kwenye chupa ya maji hapohapo shambani, maana ukilibeba mkononi kwenye daladala mpaka Buzuruga linafika limeshajikunja. Kama sio msimu loweka mpunga wenye maganda yake, panda kwenye ndoo yenye udongo wa mbuga, usiukaushe maji, baada ya wiki chache unakuwa na majani ya kutosha.

Kukata ndo penyewe. Pasua karoti katikati, bana kipande cha jani humo ndani, lakini ukwepe ule mshipa mkubwa wa kati kwasababu una matundu makubwa ya hewa na unachanika ovyo. Watu wengi wanatumia kiazi badala ya karoti, mi siwashauri, kiazi kinamwaga wanga kwenye maji na ukija kuweka ayodini ya kupimia wanga baadae kila kitu kinakuwa bluu nyeusi hujui kipi cha jani kipi cha kiazi. Lowesha wembe, vuta kuelekea kwako kwa mwendo mmoja, usikate kama msumeno, na kata kukatisha mishipa sio kuifuata. Jani la mpunga lina silika nyingi, yani madini magumu kama ya mchanga, ndo ile inakukata vidole wakati wa palizi, kwaiyo wembe unaisha makali haraka sana, badilisha upande mapema. Kata vipande vingi tu, alafu chagua kile ambacho karibu hukioni kwenye maji. Kikiwa kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine sio mbaya, utaangalia ule upande mwembamba.

Hapa wengi wanakata tamaa: unaweka kwenye hadubini unaona weusi mtupu na miduara yenye kingo nene. Hiyo ni hewa, sio seli, usiichore. Jani hili linakataa maji na katikati ya seli zake kuna hewa, kwaiyo weka tone dogo la sabuni ya vyombo kwenye maji, ingiza vile vipande kwenye bomba la sindano pamoja na maji kidogo, ziba mdomo kwa kidole, vuta nyuma, achia, rudia mara kadhaa. Utaona viputo vinatoka na kipande kinazama. Sasa weka kwenye slaidi, shusha kava slipu kwa kuilaza taratibu kuanzia upande mmoja.

Anza na lensi ya 10. Upande wa juu wa jani, kwenye mabonde katikati ya mishipa, utaona makundi ya seli kubwa nyeupe zisizo na kijani. Hizo zikipoteza maji zinasinyaa, jani linajikunja, ndo ile unaona mpunga umekuwa kama sindano majaruba yakikauka. Stomata, yale matundu madogo ya kupitishia hewa, ziko pande zote mbili za jani, zimejipanga mistari.

Hamia 40, nenda kwenye kijani cha katikati, na hapo usiwe na haraka. Seli za mesofili ya mpunga (ndo hiyo nyama ya kijani ya jani) ni ndogo, ukuta wake una mikunjo inayoingia ndani, na kloroplasti, vile vidonge vya kijani ndani ya seli, zimebanana ukutani mpaka karibu hakuna nafasi wazi. Huo mpangilio una kazi kubwa. Ndani ya kloroplasti mwanga unatumika kupasua maji, oksijeni inatoka, na nguvu inayopatikana inageuza kabondayoksaidi kuwa sukari. Kimeng'enya kinachoikamata kabondayoksaidi kinaitwa rubisko, na joto likipanda kinazidi kukosea kinakamata oksijeni, mmea unaishia kuachia kabondayoksaidi ambayo ulishaipata. Kwa vile kloroplasti zimeziba ukuta, ile kabondayoksaidi inayotaka kutoroka lazima ipite humohumo na nyingine inakamatwa tena. Mi naona hiki ndo kitu kizuri kuliko vyote kwenye jani hili.

Kata na jani la hindi uliweke pembeni. Kwenye hindi, seli zinazouzunguka mshipa zimejaa kijani kizito kama pete na mishipa iko karibukaribu, kati ya mmoja na mwingine unahesabu seli mbili tatu za mesofili. Kwenye mpunga ile pete ni nyeupe, ina kloroplasti chache, na mishipa imeachana zaidi. Hindi linasukuma kabondayoksaidi kwenye ile pete ili rubisko isikosee, mpunga hauna huo mfumo, ndo maana watafiti wakiwemo wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga kule Ufilipino, wanahangaika miaka sasa kuupa.

Ukitaka kupima wanga kwa ayodini usishangae jani likionyesha kidogo tu. Mpunga unaweka sukari zaidi kwenye jani lenyewe, wanga unaulimbikiza kwenye ile sehemu ya chini inayokumbatia shina, kwaiyo kata hapo, hasa kabla mpunga haujatoa masuke.

Mwisho kwa wakulima: kwenye shina moja linalohitaji urea, kata jani la chini lililoanza njano na la juu la kijani, yaangalie pamoja. La chini kloroplasti zimepungua na kupauka, maana naitrojeni nyingi ya jani iko humo kwenye kloroplasti na mmea umeivunja kuipeleka kwa majani machanga.