Hoja ya CAG kutoka kijijini hadi LAAC: namna ya kuiandaa

Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, inasimamia halmashauri 184 kwa wiki chache za vikao kila mwaka. Haiwezi kuziita zote, wala kufika kila zahanati ya Makete na kila shule ya Ludewa. Safari zake, pamoja na watumishi wanaoichambulia taarifa, hutegemea Mfuko wa Bunge, ambao kwenye bajeti ya Serikali ni Fungu 42. Kwa hiyo kamati huchagua, na karatasi inayompunguzia mchambuzi kazi ina nafasi kubwa kuliko malalamiko marefu, hata yakiwa ya kweli.

Wananchi, anzeni na Taarifa Kuu ya Serikali za Mitaa ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, iliyoko kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Tafuteni jina la halmashauri yenu kwenye viambatisho, maana huko ndiko kwenye tarakimu. Msiishie kwenye aina ya hati, yaani maoni ya jumla ya CAG kuhusu hesabu. Hati inayoridhisha inasema hesabu zimeandaliwa kwa viwango. Haisemi fedha imetumika vizuri. Halmashauri inaweza kupata hati hiyo mwaka huohuo ambao mikopo ya vikundi, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, haijarejeshwa.

Kisha ombeni majibu ya halmashauri kwa hoja mliyoikuta humo, yaani dosari iliyoibuliwa na CAG. Barua iende kwa Mkurugenzi, isainiwe na raia mmoja mmoja kwa majina, itaje Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016, inayompa siku 30 za kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa masijala. Bila muhuri huo hamtaweza kuthibitisha siku hizo zilianza lini.

Kazi yenyewe iko hapa: kulinganisha karatasi na kilichopo. Tuseme ni jengo la zahanati lililojengwa kwa force akaunti, yaani halmashauri au kijiji kinanunua vifaa na kulipa mafundi chenyewe bila mkandarasi. Hati ya malipo inaonyesha mifuko 600 ya saruji. Daftari la kamati ya mapokezi ya kijiji linaonyesha 420. Angalieni tarehe, namba ya gari na saini za wajumbe, kwa sababu mara nyingi mzigo ulioandikwa kupokelewa siku moja uliletwa kwa awamu kutoka Makambako, na awamu ya mwisho haikufika. Mwulizeni mtunza stoo kabla ya kuandika chochote. Huenda mifuko 180 ilihamishiwa kwenye nyumba ya mganga kwa muhtasari halali wa kikao. Picha pigeni kabla mvua za Novemba hazijaanza, zionyeshe hatua ya jengo na tarehe.

Andikeni kurasa mbili, zisizidi. Juu: namba ya hoja, ukurasa, mwaka wa fedha, kiasi. Katikati: CAG alisema nini, halmashauri ilijibu nini, nini kipo leo. Mwisho, maswali mawili au matatu ambayo mbunge anaweza kuyasoma kama yalivyo: “Malipo ni ya mifuko 600, mapokezi ni 420. Mifuko 180 iko wapi, na nani alisaini?” Msiandike “wamekula”. Tuhuma ya jinai ipelekeni TAKUKURU. LAAC humhoji Afisa Masuuli, yaani Mkurugenzi anayewajibika kwa fedha za halmashauri, na kupendekeza maazimio.

Tajeni vyeo na tarehe, msitegemee majina. Fedha za 2021/22 zilianza kutumika Julai 2021, taarifa ya CAG ikatoka 2023, na Bunge likazijadili taarifa za kamati Novemba mwaka huo. Ni zaidi ya miaka miwili. Mkurugenzi aliyesaini huenda yuko mkoa mwingine, na aliyepo atajibu kwamba hakuwepo. Cheo hakihami.

Ratiba ndiyo inayowaangusha wengi. CAG humkabidhi Rais taarifa kufikia mwisho wa Machi, nayo huwasilishwa bungeni Aprili. Baraza maalumu la madiwani la kujadili hoja hufanyika mara nyingi Juni. Mpeni diwani wenu karatasi wiki mbili kabla, maana hoja ikijibiwa vizuri hapo hakuna haja ya kwenda Dodoma. Isipojibiwa, tumeni kwa Katibu wa Bunge, nakala kwa mbunge wa jimbo, kabla ya wiki za kamati zinazotangulia mkutano wa Bunge. Kuipeleka katikati ya Juni ni kuipoteza: wabunge wote wako kwenye bajeti.

Azimio likipita, fungueni taarifa ya CAG ya mwaka unaofuata, sehemu ya utekelezaji wa mapendekezo. Hoja yenu ikiandikwa imefungwa wakati saruji haijapatikana, rudini eneo la ujenzi, pigeni picha mpya, mwandikieni CAG na nakala mpeni Katibu wa Bunge, mkitaja namba ileile ya hoja.