Logi inasema OK, nakala ni ya zamani: kutafuta kosa kwenye skripti ya bakapu ya KVM

Kijana anayetunza seva ya depo moja ya dawa hapa Lubumbashi aliniomba msaada: kila asubuhi logi yake inaandika OK, faili jipya lipo, lakini akifungua nakala anakuta mauzo ya majuma yaliyopita. Njia tuliyoifuata ni hii. Inawafaa wanaotumia Debian (aina ya Linux), KVM (inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta) na libvirt (programu ya kuzisimamia, kwa amri ya virsh). Kama uko kwenye Proxmox, mfumo uliojengwa tayari kwa mashine pepe, tumia vzdump, amri yake ya bakapu, uachane kabisa na skripti za mkono.

Hatua ya 1: Iendeshe kwa mkono

Kwanza futa kila `2>/dev/null` iliyomo. Kuficha makosa ndani ya skripti ya bakapu ni hatari kuliko kukosa bakapu, maana asiye na bakapu angalau anajua hana. Kisha juu kabisa weka:

```
set -euo pipefail
export LC_ALL=C
export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system
export PATH=/usr/local/sbin:/usr/local/bin:/usr/sbin:/usr/bin:/sbin:/bin
```

Uendeshe kwa `bash -x`. Mstari wa LC_ALL usiudharau: seva zetu nyingi zimewekwa kwa Kifaransa, na virsh nayo inajibu kwa Kifaransa, kwa hiyo `grep running` haipati kitu. Mimi napenda zaidi `virsh list --name --state-running`, haijali lugha. Mstari wa URI nao ni muhimu kwa asiye root (msimamizi mkuu wa seva): bila huo anapelekwa qemu:///session, anaona orodha tupu, na skripti inaisha bila kunakili mashine hata moja.

Hatua ya 2: Diski ya akiba ipo?

```
mountpoint -q /mnt/akiba || { echo "Diski ya akiba haipo" >&2; exit 1; }
```

Diski ya USB ikichomoka, /mnt/akiba inabaki folda ya kawaida, na nakala zinajaza diski ya seva yenyewe.

Hatua ya 3: Mashine inaandika kwenye faili gani?

Hapa ndipo kazi ilipo, soma polepole. Kiini cha skripti nyingi ni amri hizi tatu (depo ni jina la mashine pepe, vda ni diski yake, na snapshoti ni kugandisha hali ya diski ilivyo wakati huo):

```
virsh snapshot-create-as depo akiba --disk-only --atomic --no-metadata --quiesce
cp --sparse=always /var/lib/libvirt/images/depo.qcow2 /mnt/akiba/
virsh blockcommit depo vda --active --pivot --verbose
```

Ya kwanza inafungua faili jipya, depo.akiba, na kuanzia hapo mashine pepe inaandika humo. Faili mama, depo.qcow2, linatulia, ndiyo maana cp inaweza kulichukua. Ya tatu, blockcommit, inarudisha maandishi yote kwa mama. (`--quiesce`, inayotuliza uandishi kabla ya snapshoti, inadai programu ya qemu-guest-agent iwe imewekwa ndani ya mashine pepe, isipokuwepo, snapshoti inakataa.)

Sasa umeme ukatike kabla ya amri ya tatu, na betri za onduleri (UPS) zimechoka. Seva ikiwaka, mashine inaendelea kuandika kwenye depo.akiba. Usiku unaofuata snapshoti inagoma, kwa kuwa faili la jina hilo lipo tayari. Skripti ya kijana ilikuwa inafanya blockcommit pale tu snapshoti inapofaulu, lakini cp ilikuwa nje ya sharti hilo. Basi kila usiku snapshoti inagoma kimya, cp inanakili mama aliyelala tangu siku ya umeme, na mstari wa mwisho unaandika OK.

Kuthibitisha:

```
virsh domblklist depo
```

Ukiona depo.akiba badala ya depo.qcow2, umelipata kosa. Sasa usiharakishe:

Usifute depo.akiba. Kila kilichoandikwa tangu usiku ule kimo humo tu. Wala usijaribu kuwasha mashine kwa depo.qcow2 peke yake. Ukimwandikia mama wakati mtoto bado anamtegemea, mtoto anaharibika na hakuna dawa.

Zima mashine kwa `virsh shutdown depo`. Amri hii inarudi papo hapo huku mashine bado inajizima, kwa hiyo ngoja mpaka `virsh domstate depo` iseme shut off. Nakili mafaili yote mawili pembeni. Mtu atakwambia hatua hii inapoteza muda, mwache aseme.

Washa mashine, endesha blockcommit ileile ya juu. Umeme ukikatika katikati, depo.akiba bado ni kamili: washa tena, angalia domblklist, rudia amri. Kama mashine ina diski ya pili, vdb, nayo ina faili lake la juu na inataka blockcommit yake.

domblklist ikirudi kuonyesha depo.qcow2, hapo ndipo unafuta depo.akiba. Usipolifuta, kesho snapshoti itagoma tena, na mara hii cp itanakili diski inayoandikwa, nakala ambayo huwezi kuiamini.

Mwisho weka ulinzi mwanzoni mwa skripti:

```
if virsh domblklist depo | grep -q '\.akiba'; then
  echo "depo.akiba bado inatumika" >&2; exit 1
fi
```

Nataka isimame na kupiga kelele. Skripti isijirekebishe yenyewe usiku, wakati hakuna mtu anayetazama. Na hiyo echo OK ya mwisho ibaki tu kama `set -e` ipo.

Hatua ya 4: Saa

Cron, kipanga ratiba cha Linux, hairudii kazi iliyopitwa seva ikiwa imezimika, na kwa delestaji (mgao wa umeme) zetu hilo halivumiliki. Tumia timer ya systemd (mfumo unaowasha huduma za Linux) yenye `OnCalendar=` na `Persistent=true`. Angalia pia `timedatectl`: aliyechagua Africa/Kinshasa wakati wa kuweka mfumo yuko nyuma yetu kwa saa 1. Sahihi kwetu ni Africa/Lubumbashi.

Hatua ya 5: Fungua nakala

Hifadhi maelezo ya mashine pamoja na diski:

```
virsh dumpxml --inactive depo > /mnt/akiba/depo.xml
```

Angalia diski kwa `qemu-img check`. Jibu la 0 ni zuri, 2 ni faili lililoharibika. Kisha iwashe kweli, lakini usiiwashe nakala moja kwa moja, itaandikwa. Weka faili la juu yake:

```
qemu-img create -f qcow2 -b /mnt/akiba/depo.qcow2 -F qcow2 /var/lib/libvirt/images/jaribio.qcow2
```

Kwenye nakala ya depo.xml badilisha jina, elekeza diski kwa jaribio.qcow2, futa mistari ya uuid na mac, na uondoe sehemu ya interface ili mashine mbili zisigongane kwenye mtandao. `virsh define`, `virsh start`, ingia, utazame risiti ya mwisho ni ya lini. Ukimaliza: `virsh destroy`, `virsh undefine`, kisha ufute jaribio.qcow2 peke yake.