Somo: Kuweka na kutunza jedwali la bei za mazao kwenye tovuti kwa TablePress

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la wale wanaosimamia tovuti za vyama vya ushirika, maghala na vikundi vya wafanyabiashara wa nafaka huku kanda ya kati. Wengi bado wanapiga picha karatasi ya bei na kuibandika kwenye ukurasa. Picha haitafutiki, inakula bando, na mwenye simu ndogo anaivuta kwa vidole mpaka herufi zinavurugika. Leo tunaweka jedwali lenyewe kwa TablePress, ambayo ni plagini (programu ya nyongeza) ya WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, na mfano wetu ni bei za soko la nafaka la Kibaigwa, mkoani Dodoma.

Kwanza jiulize kama unaihitaji. Kama una mistari mitano isiyobadilika mwaka mzima, jedwali la kawaida lililomo ndani ya kihariri cha WordPress linatosha kabisa. Plagini ina maana pale bei zinapobadilika kila mara na msomaji anataka kutafuta "alizeti" au kupanga bei kuanzia ya chini.

1. Kuiweka

Chukua nakala ya akiba ya tovuti nzima, hifadhidata ikiwemo. Ingia kwenye dashibodi, fungua "Plugins", kisha sehemu ya kuongeza plagini mpya ("Add New" au jina linalofanana), tafuta TablePress. Hakikisha mtengenezaji ni Tobias Bäthge. Bofya "Install Now", halafu "Activate". Basi. Zile faili za zipu zinazozungushwa kwenye magrupu eti ni toleo la kulipia lililofanywa bure, ziache huko huko, maana hujui nani kaingiza nini ndani. Toleo la bure linatosha kwa somo hili lote.

2. Kuandaa data (hapa ndipo kwenye kazi)

Andaa kwenye Excel au Google Sheets. Mstari wa kwanza uwe vichwa: Zao, Kipimo, Bei ya chini, Bei ya juu, Tarehe. Usiunganishe seli, usiweke mstari wa mapambo juu wenye jina la chama. Jina la chama litakaa kwenye ukurasa, si ndani ya jedwali.

Sasa angalia bei. Sisi tumezoea kuandika 98,000/= na 102,000/=. Kompyuta ikiona ule mkwaju na alama ya sawasawa inachukulia ni maneno, na maneno hupangwa kwa herufi ya kwanza. Moja inatangulia tisa, kwa hiyo ukiomba bei ya chini ije kwanza, 102,000/= itakaa juu ya 98,000/=. Mkulima anayesoma haraka atadhani hiyo ndiyo rahisi. Ukiandika "Tsh" mbele ya namba, yatakukuta hayo hayo. Andika 98000 au 98,000 tupu, na neno "shilingi" liweke kwenye kichwa cha safu.

Tarehe nazo ziandike kwa kuanza na mwaka: 2025-06-14. Ukianza na siku, tarehe 3 ya mwezi wa kumi na moja inaweza kupangwa kabla ya tarehe 14 ya mwezi wa sita.

Safu ya Kipimo msiidharau. Mahindi ya gunia la kilo 100 na mahindi ya lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo) hayawekwi kwenye mstari mmoja, kwa sababu bei hizo hazilinganishiki, na lumbesa yenyewe hairuhusiwi kisheria. Mimi ningeandika bei kwa kilo na kumaliza ubishi. Mtama mweupe na mtama mwekundu pia kila mmoja apewe mstari wake.

Ukimaliza, hifadhi kama CSV (faili ya maandishi matupu ya jedwali) yenye usimbaji wa UTF-8, ili herufi zisivurugike.

3. Kuingiza na kubandika

Fungua TablePress, nenda "Import", chagua faili, acha "Add as new table" ikiwa imechaguliwa, kisha ingiza. Jedwali litapewa namba, tuseme 1. Nenda kwenye ukurasa wako, andika [table id=1 /] na uhifadhi. Iandike kwa mkono. Ukiinakili kutoka Word unaweza kuja na alama za ajabu zisizoonekana.

4. Kutunza

Bei mpya zikija, usitengeneze jedwali jingine. Rudi "Import", chagua "Replace existing table" na uonyeshe jedwali lilelile. Namba inabaki ileile, ukurasa hauguswi. Nimeona tovuti yenye majedwali lukuki ya "bei mpya", na ukurasa bado unaonyesha la kwanza.

Kila mwisho wa mwezi nenda "Export", chagua JSON (aina nyingine ya faili), iweke nje ya tovuti. CSV inabeba data tu, lakini JSON inabeba na mipangilio.

Kusasisha plagini: masasisho madogo fanya mara moja. Namba ya mbele inapobadilika, kama ilivyokuwa kwa toleo la 2.0 la 2022, subiri siku chache usome maelezo yake kwanza. Na usifanye hivyo katikati ya msimu wa mavuno, watu wanapochungulia bei kutwa.

Maswali ya wanachama

*Kongwa: Mkuu, plagini ilikuwa inasumbua, nikaifuta ili niiweke upya. Majedwali yote hayapo!*
Pole sana ndugu yangu. Kuizima na kuifuta ni vitu viwili tofauti. Ukiizima, majedwali yanabaki kwenye hifadhidata. Ukiifuta, inaondoka nayo yote. Kama una JSON, iingize upya. Kama huna, mwombe anayekuhifadhia tovuti akurudishie nakala ya hifadhidata ya siku iliyotangulia, na mwombe leo, kwa sababu nakala za zamani hufutwa.

*Manyoni: Nimebadilisha bei ila kwenye simu naona za wiki iliyopita.*
Una plagini ya kashe, ile inayohifadhi nakala ya ukurasa ili ufunguke haraka? Ifungue usafishe kashe, kisha ujaribu kwa simu ya mtu mwingine. Yako nayo huwa inakumbuka ukurasa wa zamani.

*Kondoa: Kaka, kwenye simu jedwali linatoka nje ya skrini.*
Dada, fungua jedwali, shuka chini kwenye mipangilio, washa "Horizontal Scrolling". Lakini punguza safu kwanza. Safu ya "Maoni" nani anaisoma?

*Bahi: Kwenye ukurasa yanatokea maandishi [table id=3 /] badala ya jedwali.*
Plagini imezimwa, au umeyabandika ndani ya bloku ya msimbo ("Code"). Jedwali lingekuwa limefutwa, ungeona ujumbe kwamba halikupatikana.

*Singida: Bei zetu za alizeti ziko Google Sheets. Zinaweza kujisasisha zenyewe?*
Kwa toleo la kulipia, ndiyo. Kwa la bure, chapisha karatasi hiyo kama CSV, chukua kiungo chake, na kwenye "Import" chagua kuingiza kwa kiungo badala ya faili. Utabofya mwenyewe kila bei zinapobadilika, ila hutapakua wala kupakia kitu. Karatasi hiyo isiwe na namba za simu za wakulima, maana ukishaichapisha, yeyote mwenye kiungo anaisoma.