Namna ya Kuomba Nafasi ya Uanagenzi katika Kampuni za Mawakili wa Biashara Nairobi

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa sheria wa Kenya ambao wamekwisha kupata shahada, au wanakaribia kuipata, na wanaotaka kufanyia uanagenzi wao, yaani mafunzo ya kazini kabla ya kuwa wakili, katika kampuni ya mawakili inayoshughulikia zaidi mambo ya biashara, kama vile mikopo ya benki, ununuzi wa kampuni, ardhi, kodi na mashauri ya kibiashara. Nimo miongoni mwa mawakili wanaosoma maombi hayo ofisini kwetu, na jambo moja linanisikitisha kila msimu: vijana wenye uwezo mkubwa huachwa nje kwa sababu barua zao hazimwonyeshi msomaji kwamba mwombaji anaijua kazi anayoiomba.

Hatua ya kwanza: fahamu sheria inataka nini

Mafunzo ya uwakili yanayotolewa na Kenya School of Law, kule Karen, yana sehemu mbili: masomo tisa ya darasani, ambayo mitihani yake husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria, na uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mlezi. Mlezi huyo hawi wakili yeyote tu. Ni lazima awe ametumikia uwakili kwa miaka isiyopungua 5, na awe na cheti halali cha kufanya kazi ya uwakili kwa mwaka unaohusika. Vyeti vya mawakili humalizika tarehe 31 Desemba, kwa hiyo mwanagenzi ambaye muda wake unavuka mwaka anapaswa kuhakikisha kwamba mlezi wake amekihuisha cheti mara mwaka mpya unapoanza. Chama cha Mawakili wa Kenya, LSK, kina ukurasa wa kutafutia jina la wakili na hali ya cheti chake. Tafuta kabla hujaandika barua, na usione haya kufanya hivyo hata kama jina ni kubwa.

Kuna kifungu kingine ambacho wanafunzi wengi hawakitilii maanani. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, hakimruhusu wakili mpya kufanya kazi kwa niaba yake mwenyewe mpaka awe ametumikia uwakili nchini mfululizo kwa muda usiopungua miaka 2 tangu apate cheti chake cha kwanza. Hivyo, hata mwenye ndoto ya kufungua ofisi yake atalazimika kwanza kuajiriwa, na ofisi utakayoingia kama mwanagenzi huenda ikawa ndiyo itakayokuajiri, au ndiyo itakayokuandikia barua ya kukutambulisha kwingine. Chagua ukiutazama muda huo wote.

Hatua ya pili: tengeneza orodha fupi

Kila mwanafunzi huziandikia Bowmans, Anjarwalla & Khanna, Kaplan & Stratton na Oraro, na si vibaya kuziandikia, kwa kuwa ni ofisi zenye kazi nyingi na mafunzo mazuri. Kosa ni kudhani kwamba nje ya hizo hakuna sheria za biashara. Zipo ofisi za mawakili wanane au kumi ambako mwanagenzi hukaa meza moja na wakili mbia, yaani mmoja wa wenye ofisi, na kuona mkataba tangu rasimu ya kwanza hadi siku ya kutiwa sahihi, jambo ambalo katika ofisi kubwa huenda asilione kwa ukamilifu wake.

Utazijuaje ofisi hizo? Tovuti ya Kenya Law huchapisha hukumu bila malipo. Fungua maamuzi ya Kitengo cha Biashara na Kodi cha Mahakama Kuu, Milimani, usome hukumu za miezi ya karibuni, na uangalie mwishoni ni mawakili gani waliowakilisha pande zote mbili. Baada ya kusoma hukumu ishirini hivi utaanza kuona majina yanayojirudia katika mashauri ya benki, ya bima na ya ujenzi. Hapo utakuwa umepata orodha iliyotokana na kazi halisi, tofauti na ile inayozunguka katika makundi ya wanafunzi, na wakati huohuo utakuwa umejifunza sheria. Ofisi sita au saba zinatosha. Anayetuma barua arobaini hawezi kuzifanyia zote haki.

Kuhusu muda, ofisi kubwa hutangaza nafasi miezi mingi kabla ya tarehe ya kuanza, kwa hiyo ukisubiri hadi umalize mitihani utakuta milango imefungwa. Pitia tovuti zao tangu unapoanza masomo ya Karen.

Hatua ya tatu: isome kazi yenyewe

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nami naomba uipe muda mrefu kuliko zingine. Chukua muamala mmoja uliotangazwa hadharani na uufuatilie mpaka uelewe mawakili walifanya nini ndani yake. Mfano mzuri ni kuungana kwa NIC na Commercial Bank of Africa mwaka 2019, muungano uliozaa benki ya NCBA. Jiulize: ni nani walipaswa kutoa idhini? Benki Kuu na Wizara ya Fedha, kwa sababu ni benki. Mamlaka ya Ushindani, kwa sababu washindani wawili wanakuwa mmoja. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kwa sababu hisa za NIC ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Na wenyehisa wenyewe katika mikutano yao. Kisha jiulize swali gumu zaidi: idhini moja ikichelewa, mkataba unapaswa kusema nini kuhusu zile zilizokwisha kupatikana? Hapo ndipo wakili wa biashara anapojipatia riziki yake.

Jifunze pia karatasi za kila siku, kwa kuwa mwanagenzi hupewa hizo kabla ya kupewa chochote kingine. Mojawapo ni CR12, taarifa ya Huduma ya Usajili wa Biashara inayoonyesha wakurugenzi na wenyehisa wa kampuni, ambayo huombwa kupitia eCitizen. Tuseme benki inataka kuikopesha kampuni fulani, na azimio la bodi limetiwa sahihi na wakurugenzi wawili. Mwanagenzi anachukua CR12, anaiweka kando ya azimio, anakuta mmoja wa waliotia sahihi hayumo katika orodha. Huenda ameteuliwa juzi na fomu haijawasilishwa, au huenda hana mamlaka kabisa, na kwa vyovyote vile mkopo hautatoka mpaka jambo hilo lifafanuliwe. Mwanagenzi aliyeliona ameiokoa benki isipoteze fedha nyingi, ingawa kazi yenyewe ilikuwa ya kulinganisha majina tu.

Hatua ya nne: andika barua

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mwandikie mtu kwa jina na cheo chake, ikiwa tangazo limemtaja. Aya ya kwanza iseme unaomba nini, lini utakuwa tayari kuanza na umefikia wapi katika mafunzo. Aya ya pili ndiyo kiini, na humo ueleze kwa nini ofisi hiyo na kwa nini kazi hiyo.

Sentensi ninayokutana nayo mara kwa mara ni hii: «Nimevutiwa na kampuni yenu tukufu kwa sababu ya sifa zake nzuri na weledi wa hali ya juu.» Mtu anaweza kuipeleka sentensi hiyo kwa ofisi yoyote, hata kwa hospitali, na haitabadilika maana. Ilinganishe na hii: «Nilisoma hukumu ambamo ofisi yenu ilimtetea mdhamini wa mkopo, nami nilivutiwa na hoja kwamba benki ilibadilisha masharti ya mkopo bila kumjulisha mdhamini, tangu hapo nimekuwa nikisoma sheria za dhamana na ningependa kujifunza namna hati hizo zinavyoandikwa.» Mwandishi wa pili hakujisifu hata kidogo, lakini msomaji amekwisha kujua kwamba anasoma hukumu, anaielewa, na ana swali linalomwongoza.

Epuka maneno makubwa yasiyokuwa na ushahidi. Ukisema unaandika vizuri, taja makala uliyoichapisha au shindano la mahakama za mfano ulimoandaa hoja. Ikiwa huna vyote viwili, acha barua yenyewe iwe ushahidi. Soma jina la ofisi mara tatu kabla ya kutuma, kwa maana barua inayokuja kwetu ikiwa na jina la ofisi nyingine haipiti, na haipaswi kupita, kwa kuwa kesho mtu huyohuyo angeweza kumpelekea mteja mmoja siri za mteja mwingine.

Hatua ya tano: wasifu na viambatisho

Kurasa mbili zinatosha. Anza na elimu, kisha kazi na atachimenti, kisha mengineyo. Unganisha viambatisho vyote katika faili moja la PDF lenye jina lako.

Hatua ya sita: mtihani wa maandishi na mahojiano

Ofisi nyingi hutoa zoezi fupi la kuandika kabla au baada ya mazungumzo. Nitatoa mfano wa aina ya swali linaloweza kuulizwa. Kampuni iliyosajiliwa Kenya, ambayo asilimia 70 ya hisa zake ni za raia wa Kenya na asilimia 30 ni za raia wa kigeni, inataka kununua shamba lenye hatimiliki isiyo na ukomo wa muda huko Nakuru. Mshauri mteja.

Mtahiniwa wa kawaida husema kwamba kampuni ni ya Kenya kwa hiyo inunue. Aliyesoma hukumbuka Ibara ya 65 ya Katiba ya mwaka 2010, ambayo humhesabu mtu wa kisheria, kama vile kampuni, kuwa raia ikiwa tu anamilikiwa kikamilifu na raia, na kwamba asiyekuwa raia anaweza kushika ardhi kwa njia ya kukodishwa tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Aliyesoma kwa makini huongeza kwamba ibara hiyohiyo inasema hati inayompa mgeni haki kubwa zaidi itachukuliwa kuwa imempa miaka 99 tu. Na anayetaka kweli kuwa wakili wa biashara huuliza kama shamba hilo ni ardhi ya kilimo, kwa sababu hapo Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inahitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hiyo inatakiwa kuikatalia kampuni binafsi yenye mwenyehisa asiye raia. Kisha anamtafutia mteja njia halali: labda kubadilisha umiliki wa hisa, labda kuangalia ardhi isiyo ya kilimo. Mteja hakuja ofisini aambiwe «haiwezekani» na kurudi nyumbani.

Ukiulizwa usichokijua, sema hukijui na ueleze ungeanzia kukitafuta wapi. Na ukiulizwa kuhusu kazi uliyoifanya katika ofisi nyingine, usitaje wateja wala mambo yao. Kuna wasaili wanaouliza hivyo kwa makusudi.

Hatua ya saba: ukikubaliwa

Omba barua ya uthibitisho yenye tarehe za kuanza na kumaliza, jina la mlezi na kiwango cha posho. Zijulishe ofisi nyingine siku hiyohiyo kwamba umeondoa maombi yako, ili nafasi imfikie mwenzako.

Maswali ya wanafunzi

Swali: Wakili, shikamoo. Mimi niko Mombasa na wazazi hawawezi kunilipia nyumba Nairobi. Je, nikifanyia uanagenzi hapa nitakuwa nimepoteza nafasi ya kuwa wakili wa biashara?

Jibu: Marahaba. Hutapoteza chochote, na kuna mambo utakayoyapata Mombasa ambayo Nairobi hayapatikani kwa urahisi. Mombasa ina bandari, na penye bandari pana mikataba ya usafirishaji, madai ya bima ya shehena, migogoro ya forodha na mashauri ya meli, ambayo Mahakama Kuu ina mamlaka ya kuyasikiliza. Tafuta ofisi zinazowawakilisha mawakala wa meli na wenye maghala. Andika barua yako ukionyesha kwamba unaifahamu hati ya shehena (bill of lading) na kazi yake.

Swali: Nina shahada ya daraja la pili la chini. Nijaribu ofisi kubwa au nisijisumbue?

Jibu: Soma tangazo kwanza. Ofisi ikiandika kwamba inahitaji daraja la pili la juu, mara nyingi inamaanisha hivyo, na muda wako una thamani. Ambako hakuna sharti hilo, omba bila woga. Ikiwa alama zako zilishuka mwaka mmoja kwa sababu ya ugonjwa au karo, lieleze jambo hilo kwa sentensi moja isiyo na kilio, kisha uelekeze macho ya msomaji kwenye masomo uliyofanya vizuri, hasa sheria za kampuni, mikataba na ardhi.

Swali: Kaka yangu alikaa miezi yote akipeleka barua na kupiga chapa tu. Nitajuaje kwamba ofisi itanifundisha?

Jibu: Waulize waliomaliza hapo mwaka uliopita, hawatakuficha. Katika mahojiano, ukipewa nafasi ya kuuliza, uliza wanagenzi hupitia vitengo vingapi na nani husahihisha rasimu zao. Hata hivyo, usidharau kupeleka hati. Anayekwenda masjala ya ardhi na kuuliza kwa nini hati imekataliwa hujifunza jambo ambalo aliyebaki ofisini halijui.

Swali: Samahani wakili, ofisi isiyolipa posho niikubali?

Jibu: Zipo ofisi nzuri zisizolipa, jambo ambalo mimi binafsi siliungi mkono, kwa sababu huwafungia nje watoto wa wasiokuwa na kitu. Kabla ya kukubali, piga hesabu ya nauli, chakula na mavazi ya ofisini kwa miezi yote 6, kisha uulize kwa heshima kama ofisi inaweza angalau kugharamia nauli za shughuli zake. Kumbuka pia kwamba unaweza kufanyia uanagenzi katika Ofisi ya Mwanasheria Mkuu au taasisi nyingine za umma, na ukajifunza mikataba ya serikali na ununuzi wa umma, ujuzi ambao kampuni za biashara huutafuta.

Swali: Nimetuma maombi wiki tatu zilizopita, sijajibiwa. Nipige simu?

Jibu: Tuma barua pepe fupi, mara moja, ukitaja tarehe ya ombi lako na kuuliza kama bado linazingatiwa. Ikiwa tangazo lilisema kwamba watakaochaguliwa pekee ndio watakaojibiwa, subiri mpaka tarehe iliyotajwa ipite, na wakati huo endelea na ofisi inayofuata katika orodha yako.